SHEMEJI SIYO MCHOYO JAMANI, MGENI NDIYO MZIGO! (Na mgeni mwenyewe niliwahi kuwa mimi)

Najua wengi mmefungua hapa mkitegemea ule umbea wa staa na gari la kuazima. Upo, haujaharibika, nitaushusha kesho panapo majaliwa. Leo nina hasira, na hasira zenyewe zimeanzia kwenye kichekesho.

Jumamosi usiku, banda letu la video hapa Chumbi waliweka You, Me and Dupree, ile ya mwaka 2006, imetafsiriwa na DJ. Kwa ambao hamjaiona: Carl (Matt Dillon) na Molly (Kate Hudson) wanafunga ndoa Hawaii. Wanarudi nyumbani, hata zawadi za harusi hawajamaliza kuzishukuru, Carl anapita baa na kumkuta mpambe wake wa harusi, Dupree, ambaye ni Owen Wilson. Kazi hana, nyumba hana, gari la kampuni limechukuliwa, na chanzo ni kwamba aliacha kazi zake akaenda Hawaii kwenye harusi yao. Carl huruma inamshika. Mshkaji anahamia sebuleni. Na hapo ndiyo vituko vinaanza: Dupree analala kwenye sofa kama alivyozaliwa, Dupree anaziba choo, Dupree anachoma sebule moto.

Tulicheka, siwadanganyi. Mpaka ilipofika kwa Molly. DJ alikuwa amembatiza Dupree jina la Kula Kulala, na Molly akambatiza Bi Mnoko. Basi kila Molly akifungua mdomo, banda zima linapiga kelele: "Mchoyo huyooo!" Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja namheshimu sana, siku zote mtu wa busara, naye akasema mke wa namna hii unamrudisha kwao kabla mahari haijapoa. Watu wakapiga makofi.

Mimi nikanyamaza. Nikatoka kabla haijaisha, nikakaa nje kwenye pikipiki ya mtu.

Nawaambia kwa nini. Wiki hii hii, hapa hapa kijijini, tuna Molly wetu. Majina kapuni, maana wengine tunaswali nao safu moja. Bwana harusi fulani alioa baada ya Idi. Harusi nzuri, ngoma ililia, pilau lilitosha mpaka watoto wakabeba kwenye ndoo. Mpambe wake alikuja kutoka Dar kwa siku tatu. Siku tatu zikaisha, wiki ikaisha, mwezi ukaisha, mpambe yupo. Analala sebuleni, anaamka jua limeshachoma, anakula, anaenda kijiweni, anarudi, anakula. Jumanne iliyopita bi harusi alichukua mtandio wake, akapanda gari, akaenda kwa mama yake Ikwiriri. Jumapili baada ya alasiri kuna kikao cha wazee.

Na kijiji kimeshatoa hukumu kabla ya kikao: mchoyo. Kamkimbia mgeni. Shangazi zake bwana harusi wawili nasikia wameshaanza kuulizia binti mwingine.

Swali ambalo bi harusi ataulizwa Jumapili nalijua kama ninavyolijua jina langu. Ataulizwa: "Mgeni amekufanya nini?"

Hapo ndipo ninapogombana na hii filamu na nyingine zote za aina yake. Filamu lazima ichome sebule ili wewe mtazamaji uone kwamba mgeni ni tatizo. Lazima choo kizibe, lazima mtu aonekane uchi. Sielewi tungechekaje bila hayo, kwa hiyo mwandishi wa filamu simlaumu kwa moto wake. Ila tunatoka bandani tumeshazoea kudai moto. Mwanamke akilalamika tunamuuliza moto uko wapi. Sasa Jumapili huyu binti ataenda kusema nini mbele ya wazee? Hakuna kilichoungua. Hakutukanwa. Hakushikwa. Atasema "alikuwa anakaa"? Ataonekana kichaa.

Kwa hiyo naomba nimjibie mimi, maana mimi niliwahi kuwa mgeni ambaye hajafanya kitu.

Mnaonifuata zamani mnajua nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yalivyokuja, nikaamua kwenda mjini kutafuta maisha. Nilipanda gari hapa barabarani, tukavuka Daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, Bungu, Mkuranga, mpaka Mbagala Rangi Tatu. Nimebeba mchele kilo tano, kambale wakavu na ule mfuko wa shangazi kaja wenye miraba. (Mfuko wenyewe umepewa jina la mgeni! Hakuna aliyeuita mwenyeji kachoka.) Nilikuwa na rafiki yangu kule, tumesoma wote, tumeiba maembe wote. Alikuwa ameoa siku 12 zilizopita. Anaishi chumba na sebule, choo cha nje, wapangaji sita.

Shemeji alijua kwamba nakuja pale mfuko ulipoingia mlangoni. Mumewe hakumwambia. Alisema tu, "Huyu ndugu yangu, atapumzika kidogo hapa akisikilizia dili." Shemeji akatabasamu, akanipokea mfuko, akanipa pole ya safari. Nilikaa siku 73.

Siku 73 sikuvunja hata kikombe. Ningekuwa Dupree nisingepata hata dakika tano za filamu. Nilikuwa mpole, naamkia watu wazima, nasema asante nikimaliza kula. Mshkaji alikuwa anajisifia kwa majirani: "Mgeni wangu hana makuu." Kweli sikuwa na makuu. Sikilizeni nilichokuwa nacho.

Nilikuwa nalala sebuleni, godoro chini, katikati ya mlango wa chumbani na mlango wa kutokea. Mke wa mtu akitaka kwenda chooni usiku inabidi aniruke. Ni binti wa watu, hajamaliza mwezi kwenye ndoa, anamruka mwanaume asiye mume wake akiwa na kanga moja? Hakuniruka hata siku moja. Nilikuja kujua baadaye sana, kwa mdomo wa mpangaji mwenzao, kwamba alikuwa anaweka ndoo chumbani, na alfajiri anaitoa ameifunika na kanga ili mimi nisijue. Akikuta nimeamka anairudisha anasubiri. Miezi miwili na zaidi.

Shemeji alikuwa anauza maandazi. Ndiyo mtaji aliokuja nao kwenye ndoa, sufuria, karai na ndoo ya unga. Unga ulikuwa unakandwa sebuleni kwa sababu chumbani hakuna nafasi. Saa kumi alfajiri anatoka taratibu, taa hawashi kwa sababu mgeni kalala, anawasha tochi ya simu anaishika na meno, anakanda. Naliona lile jicho la tochi linatikisika ukutani. Mimi najifunika shuka usoni kwa sababu mwanga unanisumbua. Yaani mimi ndiye niliyekuwa nasumbuliwa!

Halafu saa tatu naamka, nakuta maandazi yangu manne kwenye sahani yamefunikwa, na chai. Kila siku. Andazi shilingi 100. Nimekaa nimepiga hesabu juzi: manne kwa siku 64 ni shilingi 25,600. Kwa mtu ambaye faida yake ya siku nzima labda ni elfu mbili. Sijahesabu mchele baada ya kilo zangu tano kuisha. Sijahesabu maji ya madumu niliyokuwa naoga mara mbili kwa siku eti joto la Dar.

Na nyama. Ikipikwa nyama, finyango ni za wanaume wawili. Yeye anakula jikoni, yaani pale koridoni kwenye jiko la mkaa, amekaa kwenye kigoda ametupa mgongo. Nilidhani ni aibu ya bi harusi. Siku moja nilipita ghafla kwenda kunawa nikaona anachofanya: anapangusa sufuria kwa ugali. Mchuzi wa pembeni ule uliogandia. Nikapita kama sijaona, nikarudi sebuleni, nikamalizia nyama yangu.

Haya, Jumapili mkae kikao mniulize: nilimfanya nini?

Siku ya 64, saa nane mchana, shemeji alikunja shuka langu vizuri, akaliweka juu ya godoro, akasema, "Shem, naenda kwa mama Kimanzichana. Chakula kipo kwenye hotpoti." Hakufoka. Hakununa hata. Mimi nikasema, "Haya shem, msalimie bi mkubwa."

Mume aliporudi tukakaa wanaume wawili tunatazamana. Akasema, "Kanikasirikia mimi huyo, mambo yetu ya ndani, wewe usijali." Na mimi sikujali. Ndiyo maana nasema siku 73. Nilikaa siku tisa nyingine baada ya mwenye nyumba kuondoka, tunakula chipsi, vyombo vimejaa kwenye beseni vinatoa harufu, kila mmoja anamsubiri mwenzake aoshe. Nilikuja kuondoka kwa sababu chipsi ziliisha, siyo kwa sababu akili ilirudi.

Sasa turudi kwa Dupree. Baada ya moto, Molly anamtoa. Safi. Lakini angalieni mwandishi alivyofanya: mvua inanyesha, Dupree amekaa nje na virago vyake, amelowa kama kuku, na moyo unaomuuma zaidi ni wa Molly. Molly ndiye anajisikia mkosaji! Anarudishwa ndani. Akirudi amekuwa mwema: anatengeneza sebule, anapika, anaandika zile barua za kuwashukuru watu waliotoa zawadi za harusi ambazo Carl alitakiwa aziandike. Banda linashangilia, "Kabadilika mwamba!" Ndugu zangu, kafua, kapika, kaandika barua. Kafanya kwa siku kadhaa kazi ambayo mwanamke mwenye nyumba akiifanya miaka arobaini hamna mtu anayepiga mluzi. Mwishoni Dupree ndiye anayewapatanisha bwana na bibi, halafu anakuwa mzungumzaji wa kuhamasisha watu, na kitabu ametoa. Mgeni anaondoka shujaa. Bibi harusi anabaki na nini? Amerudishiwa mume, na sebule iliyotengenezwa na aliyeichoma.

Walioiongoza filamu hii ni wale ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, ambao mwaka 2019 walikuja kutuletea Avengers: Endgame. Kumshinda Thanos waliweza. Kumtoa mtu sebuleni kwa watu ikawa mtihani.

Na Molly yule ana afadhali. Ni mwalimu, ana mshahara wake. Baba yake (Michael Douglas) ndiye bosi wa mume wake, tajiri. Akikasirika, ana mlango wa kutokea wenye heshima. Bado filamu ikamfanya aone haya. Sasa chukua binti wa huku kwetu ambaye kodi ya nyumba analipa mume, ndugu wote wanaoingia ni wa mume, na mwezi haujaisha tangu aambiwe kwenye unyago asije akasikika sauti yake barazani. Mnamwambia "angesema". Angesema kwa nani? Akimwambia mume chumbani, mgeni yupo ukuta wa pili anasikia. Akimwambia mama mkwe, ameanza kutoa siri za ndani. Akimwambia mgeni mwenyewe, basi huyo ndiye mchoyo wa Chumbi mpaka anazikwa.

Wahindi nao walitoa yao mwaka 2010, Atithi Tum Kab Jaoge?, maana yake mgeni utaondoka lini. Ajay Devgn na Konkona Sen Sharma ndiyo mtu na mkewe mjini, Paresh Rawal ndiyo baba mdogo kutoka kijijini. Wale siyo maharusi, wana mtoto tayari, na mzee anachekesha mpaka mbavu zinauma. Ila biashara ni ile ile, mgeni ndiye anayependwa. Na zetu za Bongo ndiyo usiseme. Mgeni lazima awe wa shamba, kashika kuku, lafudhi ya kwetu Rufiji imekuzwa mara tatu, na mke wa mjini anabinua midomo. Marehemu King Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, Mungu amrehemu, alikuwa akisimama tu mlangoni na kibegi watu tumeshaangua kicheko. Namkumbuka na nitacheka tena leo nikimuona. Lakini yule mwanamke anayebinua midomo, kuna mtu amewahi kutuonyesha amelala saa ngapi?

Najua mtakavyonijibu. "Unataka kuleta uzungu, mgeni kwetu ni baraka, mgeni njoo mwenyeji apone." Nakubali mia kwa mia, na mimi nawajibu na mambo ya kwetu, siyo uzungu.

Kwanza, fungate. Wazee wetu wa pwani walimpa bi harusi siku saba, hapiki, hatumwi, hachoti maji, somo wake yupo karibu anamhudumia. Hawakuwa wajinga. Walijua ndoa changa ni kama mpunga uliotoka kitaluni, ukipitisha mbuzi hapo umemaliza msimu. Leo fungate tumebakiza jina na picha za kupostia, siku ya nane mpambe kashatandika sebuleni.

Pili, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siyo maneno ya kijiweni haya, Mwalimu Nyerere aliyatumia mwaka 1962 kwenye andiko lake la Ujamaa, anaeleza kwamba jamii ya kwetu ilikuwa ya ukarimu na pia haikuwa na kupe. Wadau huwa mnaisoma nusu. Mnaona siku mbili, hamuoni jembe. Na mwenye kumpa jembe ni nani? Ni aliyemleta. Jembe haliwezi kutoka kwa bi harusi. Mshkaji wangu wa Mbagala alitakiwa siku ya tatu aniambie, "Mwanangu, kesho unaamka saa kumi na shemeji yako unamshikia tochi." Ningeshika. Wallahi ningeshika. Hakuniambia kwa sababu kuniambia kungemfanya yeye aonekane mbaya, na kumwacha mkewe aonekane mbaya hakukumgharimu kitu.

Tatu, mafuriko. Aprili 2024 mto ulipofurika, watu wa Muhoro na kule deltani wamepoteza nyumba, mashamba, kila kitu. Sisi tuliokuwa juu tulipokea ndugu. Kwetu walilala watu tisa kwenye vyumba viwili, na dada yangu alikuwa ameolewa mwaka ule ule, kwake walilala sita. Sikumsikia akilalamika hata kidogo, na alikuwa amechoka hasa. Unajua kwa nini? Wale wamama wa Muhoro asubuhi ya kwanza tu, nguo zao bado zina tope, mmoja alishika ufagio, mmoja alishika mtoto, mmoja akaulizia kisima kiko wapi. Wanaume wakaenda kutafuta kuni. Hao walikuwa wamepoteza kila kitu na waliokota jembe kabla ya siku ya tatu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba bi harusi anayechoka na mpambe mwenye afya, simu kubwa na bando la wiki, hana ukarimu. Hawa hawa wake zetu ndiyo waliolaza watu sita.

Babu yangu husimulia enzi za pantoni pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mto ukijaa au pantoni ikigoma, wasafiri wanalala kwenye nyumba za watu wasiowajua. Nikamuuliza, wakeze mlikuwa mnawafanyaje? Akacheka akasema wageni wote walikuwa wanalala barazani, na aliyetaka maji ya kuoga alikuwa anaonyeshwa ndoo na njia ya kisimani. Na daraja liko wazi siku hizi, mpambe. Gari za Mbagala zinapita hapa tangu alfajiri.

Sasa wewe bwana harusi, najua utasoma hapa maana huwa unaweka komenti kwa jina la timu yako. Usiende Jumapili kukaa na kuangalia chini huku mkeo anaulizwa "amekufanya nini". Mgeni ni wako. Uliyemwambia "jisikie nyumbani" ni wewe, na nyumba aliyojisikia ni ya mwenzio. Simama useme mbele ya wazee: nilimleta bila kumuuliza mke wangu na nikashindwa kumwambia aondoke. Maneno yasiyozidi kumi na tano hayo. Hayajamuua mtu.

Kikaoni mimi siingii, siyo ndugu na bado kijana. Ndiyo maana nimeandika. Mwenye mzee wake amsomee.

La mwisho halafu naacha. Yule mshkaji wa Mbagala na mkewe wapo, alirudi wiki moja baada ya mimi kuondoka, wamepata mtoto wa kike. Akika sikuitwa, na sikushangaa. Juzi baada ya ile hesabu nilijikusanya nikatuma 25,600 na ya kutolea. Nimetuma kwenye namba ya mume, maana ukimtumia shemeji pesa usiku utazua kesi nyingine. Nikaandika, "Kaka, hizi mpe shemeji, ni za maandazi yake. Mwambie namuomba radhi."

Imepita kama robo saa, simu ikalia. Mshkaji kajibu: "Maandazi gani?"

Mpaka sasa sijamjibu. Haya, mnaosema mchoyo, komenti ziko wazi. Matusi nafuta.